Kuni za Banda la Vioo

2 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi huku hatujambo kabisa, wasiwasi ni kwako uliye mbali. Mama anasema uache tabia ya kushinda njaa halafu unadai umesahau kula. Amesema na mengine, lakini karatasi haitatosha.

Nina habari. Nimeanza kulifufua banda la vioo la marehemu baba. Ndiyo, lile lile, usicheke. Mama amenisumbua tangu msimu uliopita. Miche yake anaiotesha kwenye makopo chini ya dirisha la jikoni kama mtu aliyehamia jana, na banda lipo uani linaoza. Juzi akachukua panga mwenyewe, akaanza kufyeka magugu ya mlangoni. Niliona aibu, nikafuata zana zangu.

Hali yake ni mbaya kuliko nilivyodhani. Vioo vya paa vimebaki kama nusu, na hivyo vilivyobaki vimeshikiliwa na kutu na huruma ya Mungu. Nikipanda ngazi navaa sufuria kichwani, usiniulize ni ya nani. Nguzo za pembeni bado ngumu, zimeinama kidogo tu. Ila mbao za paa na fremu za madirisha zimeoza kwa ndani huku nje ukiziona nzima. Ukizigonga unasikia utupu. Unakumbuka baba alivyozichovya moja moja kwenye pipa la dawa, akatukataza kusogea? Mchwa hawajazigusa miaka yote hii. Ni maji yaliyopenya kwenye matundu ya misumari.

Zilizooza nazibomoa naweka mpya. Nilitaka kuita mkokoteni uzibebe za zamani zikatupwe, Mama akanikazia macho. Wewe unasemaje?

Mdogo wako,
Fundi

*

11 Aprili

Wewe Fundi,

Nimekucheka mpaka mwenye nyumba akabisha hodi. Sufuria kichwani! Vaa, lakini ukiikunja ujue Mama atakuzika nayo.

Jibu langu ni hili: usitupe hata kipande. Kila ubao wa banda lile baba aliubeba begani kutoka barabarani, mimi nikimfuata na mfuko wa misumari. Zipange chini ya paa la jikoni zikae kavu. Nikija nitachagua moja, unitengenezee rafu ya vitabu. Nyingine Mama atazipatia matumizi. Si unamjua? Hata kizibo cha chupa hakitupi.

Mimi nimepata kazi mpya. Niko stoo ya kiwanda kinachotia dawa nguzo za umeme. Nagawa glavu na viatu vya mpira, nazozana na wanaorudisha glavu moja. Nimeanza juzi tu, hata njia ya chooni bado naulizia.

Sasa niambie, Mama yukoje? Usiniandikie tena ile "hatujambo" ya kufungulia barua. Najua baba alikataza ugonjwa kuandikwa, ati aliye mbali hana la kufanya ila kukosa usingizi. Lakini nyie mkininyima habari ndiyo silali kabisa, kwa sababu nazitunga mwenyewe, na mimi nikitunga huwa natunga misiba.

Dada yako

*

29 Aprili

Dada,

Hatujambo. Haya, nimeandika, nimalize adabu. Mama mzima, anakusalimu.

Banda linapendeza, we acha tu! Upande wa mashariki umeisha. Fremu mpya nimezipiga randa mpaka ukipitisha kiganja hakikwami. Vioo navipachika kwa puti, nakaa kidole mdomoni nikiomba visianguke. Kimoja kilianguka. Kilipita karibu na sikio langu, nikabaki nimeshika ngazi muda mrefu, siwezi kupanda wala kushuka. Tangu siku ile naota vioo.

Mbao za baba hazikutupwa, tulia. Mvua imetufunga huku, kuni zote sokoni ni mbichi, zinatoa machozi tu. Mama akasema mbona tunateseka na mbao kavu zimejaa pale? Nilikuwekea tatu nzuri za rafu yako, nyingine anapikia. Nakwambia dada, zinawaka! Haziachi moshi mwingi, na moto wake una ukijani fulani kwenye ncha, mzuri kuutazama. Mama anafunga dirisha la jikoni kwa ajili ya baridi, anakaa hapo na kigoda chake kutwa nzima. Hata majivu yake hayapotei bure. Anasugulia masufuria, yanang'aa, na mengine amenyunyizia kwenye miche ili konokono wasiisogelee. Tayari tumeanza kula majani ya kwanza ya banda letu wenyewe.

Siku hizi haji bandani. Namletea fremu mlangoni mwa jikoni, anazikagua akiwa ameketi, anasema pale pamepinda. Na kweli pamepinda.

Mimi ni vidole tu vinanichoma choma, ni randa hii. Nitanunua glavu, au uniibie za kiwandani.

Barua hii huenda ikachelewa. Daraja limekwenda na maji. Mifuko ya posta wanaivusha kwa kamba, watu hawavuki.

Fundi

*

9 Mei

Mdogo wangu,

Soma barua hii ukiwa umesimama, na ukimaliza mstari huu nenda jikoni uzime moto. Nenda kwanza. Mengine utasoma ukirudi.

Umezima? Sikiliza. Zile mbao zina sumu. Dawa aliyochovyea baba ndiyo dawa tunayotia nguzo hapa. Jana mfanyakazi mpya mmoja alifunga vipande vya nguzo aende navyo kwake kupikia. Msimamizi wa yadi akamkimbilia akamnyang'anya, akamfokea mbele yetu wote. Akatuambia ubao ule ukikaa ukutani hauna neno, lakini ukiuchoma sumu inatoka kwenye moshi, na inayobaki inajikusanya kwenye majivu. Na kwamba moto wake una rangi ya kijani kwenye ncha.

Alipotamka neno kijani, nilikumbuka barua yako. Nilikaa chini hapo hapo kwenye glavu.

Majivu hayo mnasugulia masufuria! Mnamwagia mboga mnazokula! Na mimi ndiye niliyekwambia usitupe hata kipande.

Fanya hivi. Usichome tena hata kijiti. Majivu usiyafagie, yatapaa. Yaloweshe maji, uyazoe ukiwa umefunga kitambaa puani, uyazike mbali na kisima. Mboga za bandani ng'oa zote. Masufuria yaoshe mara nyingi, au tupa, Mama apige kelele anavyotaka. Halafu mpeleke hospitali, na barua hii uishike mkononi.

Nataka unijibu, si kama baba alivyotufundisha. Anatapika? Tumbo linamsumbua? Miguu inamchoma au imekufa ganzi? Nywele zinanyonyoka? Haji bandani kwa sababu gani? Na vidole vyako wewe, una hakika ni randa?

Nimekwenda darajani mwenyewe. Wamenirudisha. Mto umejaa mpaka kwenye mashamba. Barua inavuka, mimi sivuki.

Dada yako

*

18 Mei

Dada mpendwa,

Barua yako ilifika jana. Ulinitisha, mbona hivyo! Nilikimbia jikoni mpaka nikagonga goti kwenye mlango.

Moto umezimwa. Mbao zilizobaki nimezitoa. Majivu nimeyazika kama ulivyosema, na mboga nimeng'oa. Mama alinitazama, sikumweleza sababu. Basi yamekwisha, lala usingizi.

Mama hajambo. Amechoka kidogo na baridi hii, umri nao unachangia, si wa kukimbizwa hospitali katika matope. Jirani yetu Mama Mapacha alikuja asubuhi kumjulia hali, nikamwambia kwenye uzio ana homa kidogo, amelala. Kwani nimwambie nini? Mimi ni fundi, dada. Watu wakisikia nimembomolea mama yangu sumu nikamwekea jikoni, nani ataniita tena kwake hata kumtengenezea kiti?

Banda limebaki paa la upande mmoja. Nimeambatisha barua ya Mama mwenyewe uone.

Fundi

*

18 Mei

Mwanangu mpendwa,

Mimi mama yako ni mzima wa afya. Usiwe na wasiwasi wowote. Nakula vizuri na kulala vizuri. Nakushukuru kwa kunijali, wewe ni binti mwema sana na kila siku najivunia. Usihangaike kuja, njia ni mbaya. Fanya kazi yako kwa bidii.

Wako,
Mama

*

25 Mei

Fundi,

Wewe ni mwongo, tena mwongo asiyejua kazi.

Mama ameniandikia mara ngapi maishani? Kila barua yake inaanza na kosa langu. Safari moja alijaza ukurasa mzima kwa sababu nilimtumia kitenge chenye maua ya njano, kana kwamba maua yale niliyachora mimi. Huyu anayejivunia kila siku ni nani? Huyu anayeandika "mzima wa afya" kama mwalimu mkuu ni nani? Nilisoma mstari wa kwanza nikajua ni wewe. Mstari wa pili nikajua kwa nini ni wewe: Mama hawezi kushika kalamu.

Nimelia mpaka mwenye nyumba ameniletea chai bila kuuliza kitu. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa kila lori linaloingia yadi. Naogopa kufungua barua na naogopa isipokuja. Nikifumba macho namwona kwenye kigoda chake, dirisha limefungwa, anauota moto ule.

Baba alikosea. Niache nilitamke, maana wewe hutathubutu. Alitaka kutuepusha na huzuni akatufundisha kuzikana kimya kimya. Mimi hapa nilipo najua kitu ambacho daktari wa huko huenda hakijui, na wewe hapo ulipo unaona kitu nisichokiona. Tukinyamaziana, nani atamtibu?

Mpeleke leo. Kama humwezi, mbebe. Kama una aibu, aibu uifiche mfukoni uende nayo. Na uniandikie unachokiona kwa macho yako, hata kiwe kipi. Hata kiwe kile.

Dada yako

*

2 Juni

Dada,

Mama yu hai. Nimeanza na hilo.

Sasa nakuandikia kama ulivyotaka, nivumilie, sijazoea.

Barua ya Mama niliiandika mimi. Siku ile yeye hakuweza kushika kikombe, sembuse kalamu. Kutapika alianza kabla sijakuandikia habari za moto wa kijani. Niliona, nikanyamaza. Alikuwa haji bandani kwa sababu nyayo zilikuwa zinamchoma, akisema anakanyaga sindano, baadaye akawa hazisikii kabisa. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye mto, akaanza kulala na kilemba ili nisione. Mimi nikajifanya sioni. Tulikuwa tunafichana, mimi na yeye, ndani ya nyumba moja.

Siku ya pili baada ya kupeleka barua ile ya uongo, alijaribu kwenda chooni akaanguka sebuleni. Hakuita. Nilimkuta ameegemea ukuta anasubiri, sijui alikuwa anasubiri nini. Nilimbeba. Dada, hana uzito. Nimebeba fremu za dirisha nzito kuliko yeye.

Hospitali walimpa dawa za tumbo, siku zikapita, akazidi kulegea. Barua yako ya kwanza ya sumu ilikuwa mfukoni mwangu muda wote, na sikuitoa. Nilikuwa nahesabu watu waliokuwa wodini, nani ananijua, nani atakwenda kusema. Ndiyo mimi huyo, mdogo wako. Kisha jana ikaja ya pili. Niliisoma kwenye korido nimesimama, na nilipofika pale uliposema "hata kiwe kile," nikaingia kwa daktari bila kubisha hodi, nikamwekea barua zote mbili mezani.

Alizisoma. Akamwangalia Mama kucha, kuna mistari myeupe imekatiza. Halafu akanishika mkono akaangalia za kwangu. Nami ninayo, dada, hafifu. Si randa. Akaniuliza tumekuwa tukipikia mbao hizo tangu lini, nikajibu yote. Kuna dawa ya kuitoa sumu mwilini, wameanza kumchoma sindano. Mimi napewa za kwangu. Anasema Mama ataishi, ila miguu haahidi.

Leo asubuhi alifungua macho akanitambua. Nilifurahi. Nikamweleza habari zote, polepole, kuhusu mbao na majivu, na wewe ulivyogundua. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilidhani atanigombeza. Badala yake uso ulimbadilika. Akajaribu kuinuka akashindwa, akanishika shati.

Akasema, "Zile nyingine nilimpa Mama Mapacha."

Nikamuuliza, "Zipi?"

"Mizigo miwili. Alikuwa akiniogesha ulipokuwa kazini, wewe hukujua. Nimlipe nini mwenzangu? Kuni zake zilikuwa mbichi."

Nilikimbia, dada. Sikumbuki njia. Nilifika nikakuta mlango wa jikoni wazi na sufuria imeinjikwa. Niliuona moto kabla sijamwona yeye. Ule ule, una kijani kwenye ncha.

Nilipiga teke jiko zima likaenda uani. Alinipigia kelele, akashika mwiko akidhani nimerukwa na akili. Nikamwambia. Nilisema yote pale pale, ninahema, Mama ana nini, kuni zina nini, majivu yana nini. Mwiko ukamponyoka. Aliangalia ukuta wa masufuria yake, yote yamesuguliwa yakang'aa. Halafu akaniuliza swali moja tu.

"Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kumjibu, "Leo." Mama ameniambia leo kuhusu kuni zake, ungekuwa uongo mdogo. Lakini nilikumbuka nimesimama kwenye uzio na yeye yupo upande wa pili, ana bakuli la uji wa Mama mkononi, ananiuliza anaumwa nini hasa. Ningetamka tu neno kuni, angejua. Neno moja tu, pale pale.

Nikamwambia, "Tangu siku ile uliyokuja kumjulia hali. Barua ilikuwa imefika jana yake."

Hakunitukana. Alitoka nje akawaita watoto, akawakalisha kizingitini, akaanza kuwavisha viatu twende hospitali. Mmoja alinyoosha mguu vizuri akavishwa. Mwenzake aligoma. Mama yake akamvuta, akamwambia asimcheleweshe, naye akaurudisha mguu akaushika kwa mikono miwili, akasema hataki viatu, nyayo zinamchoma.

Nimembeba huyo mgongoni mpaka hapa. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nje ya chumba cha daktari. Wameingia wote watatu, mlango umefungwa.

Mdogo wako,
Fundi